Ndoa ya simu: Kabla hujauza ploti kwa sababu ya viza ya mume, soma hapa

Kila mtaa huku ng'ambo ya kisiwa una ndoa yake ya simu. Mume yuko Birmingham, mke yuko Mishomoroni. Mke yuko Hamburg, mume yuko Mtongwe anangoja feri huku anangoja viza, na kati ya hivyo viwili, feri ndiyo ya kuaminika zaidi. Wanaonana kwa WhatsApp usiku bando ikiwa bei rahisi, na mwaka unapita, wa pili unapita.

Mtaani mtu kama huyo huambiwa moja kati ya mambo mawili. Wengine husema "huyo ashaomoka". Wengine husema "huyo ashaachwa, hajajua tu". Mara nyingi hajaomoka wala hajaachwa. Amekwama kwenye sheria ya uhamiaji ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba sheria hiyo ipo.

Ndiyo maana nimeamua tuiongelee. Vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tunaingia kwenye ndoa za kimataifa tukidhani cheti cha ndoa ndiyo tiketi. Sivyo. Cheti kinakupa haki ya kuomba tu. Baada ya hapo sheria nyingi hupima mfuko wa yule aliye majuu, lakini anayeumia kungoja ni yule aliyebaki hapa. Na kwa vile akili zetu zote ziko kwenye kuondoka, tumesahau kwamba tangu 2010 Katiba yetu ina mlango wa pili, wa kumleta mwenzio hapa.

Mimi si wakili. Chuo chenyewe sikumaliza. Lakini kanuni hizi nyingi ziko kwenye tovuti za serikali husika, bure kabisa, na huhitaji digrii kuzisoma. Unahitaji subira tu.

Uingereza: pauni 29,000 kwanza, mapenzi baadaye

Tuanze na Uingereza, kwa sababu huko ndiko hesabu inauma zaidi. Julai 2012 serikali ya huko iliweka kiwango cha chini cha mapato kwa raia au mkaaji anayetaka kumleta mke au mume kutoka nje: pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa mara moja hadi pauni 29,000, na mpango ulikuwa kiendelee kupanda mpaka 38,700. Chama cha Labour kilipoingia madarakani Julai 2024, kikasimamisha kupanda huko na kuiomba Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ichunguze. Ripoti ilitoka Juni 2025. Kamati ilisema kiwango cha kati ya pauni 23,000 na 25,000 kingeweza kutosha familia kujitegemea, na haikuunga mkono kufika 38,700.

Ukihesabu pauni moja kwa shilingi 170, pauni 29,000 ni karibu shilingi milioni 4.9 kwa mwaka. Utasema huyo anaishi Uingereza, hizo si pesa nyingi kwake. Ngoja kidogo. Kuanzia Aprili 2025 mshahara wa chini kabisa wa mtu mzima huko ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu akifanya kazi saa 40 kila wiki, wiki zote 52, anapata takriban pauni 25,400. Maana yake ni kwamba jamaa wa Kiingereza anayefanya kazi halali ya kutwa, bila kukosa hata wiki moja, kwa mshahara uliowekwa na serikali yake mwenyewe, bado hatoshi kumleta mke wake kutoka Bamburi.

Na sasa hapa ndipo watu wetu hushangaa. Tuseme dada ni mhasibu kwenye kampuni moja ya kontena Changamwe na analipwa vizuri. Mshahara wake wa hapa hauhesabiwi. Kinachoangaliwa ni mapato ya yule aliye huko. Ami au mjomba aliye London akisema "nitawasaidia", kwa kawaida ahadi yake haiwezi kujaza pengo la mshahara. Njia nyingine ni akiba. Kama hamna mshahara wa kutosha kabisa na mnategemea akiba peke yake, inatakiwa pauni 88,500, zimekaa kwenye akaunti miezi sita. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 15. Familia yenye pesa hizo taslimu Likoni, sidhani kama ingekuwa inasumbuka na viza.

Baada ya mapato kuna ada. Kuanzia Aprili 2025 ombi la mke au mume aliye nje ya Uingereza lilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 unalipishwa miaka mitatu kamili, yaani pauni 3,105. Jumla pauni 5,043, kama shilingi 857,000 kwa hesabu ileile. Hapo hujanunua tiketi ya ndege. Na viza hiyo si ya kudumu. Ikikaribia kuisha unaomba nyongeza na kulipa tena, na kwa kawaida ni baada ya miaka mitano ndipo unaweza kuomba kukaa moja kwa moja.

Kisha mtihani wa Kiingereza. Ndiyo, wewe uliyesoma kwa Kiingereza kuanzia shule ya msingi mpaka KCSE. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazihesabu kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza, kwa hivyo unafanya mtihani wa ngazi ya A1, ambayo ni ya chini kabisa, isipokuwa una digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza na iliyothibitishwa. Halafu kuna kipimo cha kifua kikuu, ambacho Kenya kinafanywa na shirika la IOM jijini Nairobi. Kwa hivyo unashika SGR pale Miritini, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi kwa daraja la kawaida, na Nairobi unalala wapi ni shauri yako.

Sheria hii ilipelekwa mahakamani. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kiwango cha mapato chenyewe si haramu, ila serikali haikuzingatia vya kutosha maslahi ya watoto. Yaani waliopinga walipata sehemu ya haki yao, lakini kiwango kikabaki.

Si kila nchi ina kufuli moja

Kosa la mtaani ni kusema "viza ya ndoa" kana kwamba ni kitu kimoja. Kila nchi ina kufuli lake, na ufunguo wa moja haufungui nyingine.

Ujerumani, ambako ndoa nyingi za pwani zimeelekea tangu enzi za utalii wa Diani na Bamburi, kufuli kubwa ni lugha. Tangu 2007 mke au mume anayetoka nchi kama Kenya lazima aoneshe Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza. Wengi wa hapa husomea na kufanya mtihani Goethe-Institut, Nairobi. Lakini kwenye mapato, raia wa Kijerumani anayemleta mwenzake kwa kawaida habanwi kwa mshahara jinsi Mwingereza anavyobanwa. Na kuna jambo la kuchekesha: Mkenya aliyeoana na Mwitaliano anayeishi na kufanya kazi Ujerumani hatakiwi kuonesha hicho Kijerumani, kwa sababu Mwitaliano huyo analindwa na sheria za Umoja wa Ulaya za kuhama na familia. Mjerumani akiwa kwao hana kinga hiyo. Pasipoti ya mchumba wako na nchi anayoishi ni maswali mawili tofauti. Uliza yote mawili.

Denmark kufuli ni umri. Tangu 2002, kwa kawaida wote wawili lazima muwe mmetimiza miaka 24. Ukiwa na miaka 22 na mapenzi moto moto, sheria inakwambia subiri upoe.

Marekani wanaangalia mapato pia, lakini kwa kipimo kingine: anayekuita lazima awe na mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha nchi hiyo. Kwa familia ya watu wawili mwaka 2025 ilikuwa takriban dola 26,400. Tofauti na Uingereza, asipotosha anaweza kupata mdhamini wa pili wa kumshika mkono. Kama hamjaoana kuna viza ya mchumba, lakini lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba, na ukifika unaolewa ndani ya siku 90. Na kama ndoa yenu ina chini ya miaka miwili siku unayoingia, unapewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, halafu mnarudi kuonesha kwamba bado ndoa ni ndoa.

Tusisahau Ghuba. Mombasa na Oman ni ndugu wa siku nyingi, na kuna familia Kisauni zenye nusu ya ukoo Muscat. Kwa miaka 30 hivi, tangu amri ya 1993, raia wa Oman alihitaji kibali cha serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mtu wa nje. Aprili 2023 Sultani Haitham alitoa amri ya kifalme nambari 23/2023 iliyoondoa sharti hilo la kibali. Kama mtu bado anakwambia "siwezi kukuoa, serikali yetu haikubali", huenda anatumia sheria iliyokwisha. Au ana sababu nyingine ambayo hataki kuitaja.

Nikaha ni nikaha, lakini afisa anataka karatasi

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu ndoa nyingi hufungwa msikitini au nyumbani kwa bibi harusi, wali unaliwa, na mambo yanaisha. Mbele ya Mungu na wazee mmeoana. Mbele ya afisa wa viza, bado.

Sheria ya Ndoa ya 2014 ilikusanya ndoa za aina zote tano, za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, chini ya sheria moja, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Kwa hivyo baada ya nikaha fuatilia cheti kinachotambuliwa na serikali, chenye majina yaliyoandikwa sawasawa na pasipoti. Nasema tena: sawasawa. "Mohamed" kwenye cheti na "Muhammad" kwenye pasipoti ni herufi chache tu kwako, lakini kwa afisa asiyekujua zinaweza kuwa watu wawili. Kwa ndoa ya serikali, ilani hutolewa siku 21 kabla, na mgeni huombwa cheti kutoka kwao kuonesha hana ndoa nyingine. Mzungu akija likizo ya wiki mbili akitarajia harusi ya haraka, mwambie mapema apange siku zake.

Na wale wa ndoa ya video, mume yuko Doha, mke yuko Magongo, shehe yuko katikati na spika ya simu: Sheria ya Ndoa inasema muungano ambao mmoja wa wanandoa hayupo kwenye sherehe si ndoa. Msijenge ombi la viza juu ya msingi huo.

Lipo pia la mke wa pili, ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona. Sheria ya Kenya inaitambua ndoa ya Kiislamu au ya kimila yenye zaidi ya mke mmoja. Marekani haitambui ndoa ya mke wa pili kwa ajili ya viza. Ujerumani haitoi viza kwa mke wa pili wakati mwingine tayari anaishi huko na mume. Dada, kama unajua yuko mwingine huko, jua pia kwamba ahadi ya "nitakuita" ina ukuta mbele yake, hata kama mume mwenyewe ana nia safi.

Zaidi ya cheti, maafisa wanataka kuona kwamba ndoa inaishi. Tiketi za safari za kuonana. Picha za pamoja na familia, si za hotelini peke yake. Rekodi za simu na jumbe za miaka, si za wiki mbili kabla ya kuomba. Pesa mliyotumiana. Sisi tuna tabia ya kufuta chati kila simu ikijaa. Kama uko kwenye ndoa ya simu, hizo chati ndizo ushahidi wako. Zihifadhi.

Mabroka na ndoa za kununua

Penye foleni ndefu hapakosi broka. Kila mtaa una mtu "anayejua mtu ubalozini". Anakuuzia barua ya benki, cheti cha lugha, wakati mwingine hata bwana harusi mzima kwa bei ya jumla. Wazazi wanauza ploti Mtwapa au wanachukua mkopo wa chama ili kumlipa.

Tuongee ukweli. Marekani, ukipatikana ulifunga ndoa kwa ajili ya viza tu, sheria inakataza ombi lolote la familia kukubaliwa kwa ajili yako baadaye, hata ukija kupata ndoa ya kweli. Na kwa anayeshtakiwa huko, adhabu inaweza kufika miaka mitano jela na faini ya dola 250,000. Nchi nyingine nazo hukataa ombi lenye karatasi feki, na doa hilo hukufuata kila ukiomba tena, kwa sababu fomu zinauliza kama umewahi kukataliwa. Broka haandikwi popote. Jina lililo kwenye fomu ni lako, na sahihi ni yako.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana. Viza ya ndoa inakufunga kwa mtu. Ukaaji wako, na wakati mwingine hata kazi yako, unategemea huyo aliyekuita. Akiwa mwema, sawa. Akibadilika, ana silaha: "Nitaandika barua urudishwe kwenu." Wengi huvumilia kipigo kwa sababu ya sentensi hiyo.

Basi jueni. Uingereza, aliye kwenye viza ya mke au mume na ndoa ikavunjika kwa sababu ya unyanyasaji anaweza kuomba ukaazi wake mwenyewe. Ujerumani, ukiwa mmeishi pamoja huko kama wanandoa miaka mitatu, unapata haki ya ukaazi isiyomtegemea mwenzio, na kwenye hali ngumu kama ukatili muda huo unaweza kupunguzwa. Marekani, tangu 1994 kuna sheria inayomruhusu aliyenyanyaswa na mke au mume raia kujiombea mwenyewe bila huyo mtu kujua. Wanaume pia wanahusika. Mwenye ndugu aliye huko amtumie habari hii, lakini kwa njia ambayo mwenye nyumba hataisoma.

Mlango wa pili: kumleta mwenzio Mombasa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapojisahau.

Kabla ya 2010, Katiba ya zamani iliwabagua waziwazi wanawake wa Kenya. Mwanamume Mkenya akioa mgeni, mke alikuwa na haki ya kuomba uraia. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mume hakuwa na haki hiyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kupitia baba Mkenya, si kupitia mama. Dada wa Likoni angeweza kuzaa majuu na mtoto wake akawa mgeni Likoni.

Katiba ya 2010 ilifuta hayo. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia wa kuzaliwa kama mama au baba yake ni raia, azaliwe Kenya au nje. Kifungu cha 13 kinasema uraia haupotei kwa sababu ya kuoa, kuolewa au kuachana. Kifungu cha 15 kinampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyeoana na Mkenya kwa miaka isiyopungua saba. Mtu yeyote, mume au mke. Na kifungu cha 16 kinaruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki na uraia wake hata akichukua wa nchi nyingine.

Kabla ya hiyo miaka saba kuna ngazi. Kwanza mgeni huingia kwa eTA, iliyoanza Januari 2024. Kisha wewe raia unamwombea pasi ya mtegemezi kupitia mtandao wa Uhamiaji. Ukikwama, ofisi yao ya Mombasa iko jengo la Uhuru na Kazi, huna haja ya kukimbilia Nairobi kuuliza swali. Baada ya miaka mitatu ya ndoa, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa uraia baada ya miaka saba wanaangalia pia kama mnaishi pamoja, kama ndoa ilifungwa chini ya sheria inayotambuliwa Kenya, na kama haikuwa ya kutafuta makaratasi. Yaani sisi pia tunaogopa ndoa feki, sawa na wao.

Lakini linganisha. Hakuna popote kwenye kifungu cha 15 palipoandikwa kwamba dada wa Kisauni lazima awe na milioni 4.9 kwa mwaka ndipo mume wake atambuliwe.

Sisemi Mombasa ni peponi. Pasi ya mtegemezi haimruhusu kufanya kazi, akitaka kazi anahitaji kibali chake. Ajira zenyewe tunazigombania sisi kwa sisi, na mshahara wa Birmingham haupatikani Bombolulu. Kwa wenzetu wengi, kuondoka ndiko kunakolipa kodi ya nyumba ya mama na karo ya wadogo zao. Siwalaumu. Ila kama mchumba wako ana pensheni, au anafanya kazi kwa mtandao, au ana akiba isiyofika pauni 88,500 lakini inayoweza kuanzisha biashara hapa, mbona mkae mbali miaka mitatu mkingoja afisa wa Uingereza, ilhali mngeweza kuishi pamoja na muda ukaanza kuhesabika? Wengi hawajakataa njia hii. Hawajaambiwa kwamba ipo.

Na wale wa Tanga je?

Si kila ndoa ya kimataifa ina mzungu au Mwarabu ndani. Kutoka Likoni, mpaka wa Lunga Lunga uko karibu kuliko Nairobi kwa mbali sana, na koo zetu ziko pande zote mbili. Tunaoana na Tanga, Pemba na Unguja bila kujiona kama tumeoana na wageni.

Sheria, hata hivyo, inawaona wageni. Mtanzania aliyeoana na Mkenya, awe mume au mke, analindwa na kifungu kilekile cha 15 hapa kwetu. Ukivuka mpaka hali ni nyingine. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hapewi njia hiyo. Tena Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, kwa hivyo dada wa Likoni akichukua uraia wa mume wake wa Tanga, anatakiwa kuuacha wa Kenya. Kaka wa Likoni aliyeoa Tanga, kama mnatafuta mahali pa kuweka makaratasi ya familia, kwa sheria zilivyo sasa upande wa Kenya una unafuu zaidi.

Kabla ya mahari, maswali haya

Wazazi wetu hupeleleza ukoo kabla ya posa. Ni watoto wa nani, wana maradhi gani, waliacha wake wangapi. Kwa ndoa ya kimataifa upelelezi huo hautoshi. Ongezeni haya:

Ana pasipoti ya nchi gani, na anaishi nchi gani kwa kibali gani? Mapato yake yanafika kiwango cha nchi hiyo leo, si cha mwaka juzi? Aliwahi kuoana, na kama ndiyo, karatasi ya talaka iko wapi? Nani atalipa ada, na ombi likikataliwa hasara ni ya nani? Tutakubali kukaa mbali muda gani kabla ya kubadilisha mpango? Na la mwisho, ambalo watu huona aibu kuliuliza: kama huko haiwezekani, wewe uko tayari kuja kuishi hapa?

Jibu la swali hilo la mwisho litakuonesha mengi. Mtu anayetaka mke, na si mtu wa kumtembelea Desemba tu, atalifikiria kwa uzito hata kama mwishowe atasema hapana.

Kwa upande wa serikali zetu, kuna kazi ndogo isiyohitaji bajeti kubwa. Ofisi za Kadhi na wasajili wa ndoa wangekuwa na karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza hatua za kusajili ndoa yenye mgeni, haki za kifungu cha 15 na pasi ya mtegemezi. Ibandikwe pia Huduma Centre pale Posta na kwenye ofisi za machifu Likoni, Kisauni na Changamwe. Broka anakula kwa sababu habari haipo pale ndoa inapofungwa.

Na wewe uliye kwenye foleni sasa hivi: angalia kiwango na ada kwenye tovuti ya serikali husika wiki ileile unayoomba, kwa sababu hubadilika. Weka nakala ya kila karatasi. Usimpe mtu pasipoti yako akukalie nayo. Na kabla mzee hajauza ile ploti, kaeni na mwenzio mpige hesabu ya njia zote mbili, ya kwenda na ya kuja.